Kefa asahihisha wazee

Murugi, umewahi kuona kijana amekuja kuposa halafu anasahihisha wazee kama mtihani?

Kefa! Yule mwalimu wa fasihi ya Kiingereza kule Kerugoya, anayemtaka mjukuu wetu Watiri. Leo amekuja na msemaji wake, Mzee Kahiga. Mukimo iko mezani, chai ya maziwa imeshamiminwa, kila mtu ametulia.

Kahiga akaanza vizuri kabisa. "Tumeona ndama mzuri katika boma hili."

Kefa, hapo kando yake: "Hiyo ni sitiari."

Ati sitiari! Maskini, akiogopa hufundisha. 

Mzee wangu Ngatia akajifanya hajasikia. "Huyo ndama wetu amekula nyasi yote ya mlima, akanywa mto mzima."

"Na hiyo ni chuku, mzee. Kutia chumvi."

Murugi! Ngatia kuambiwa anatia chumvi, mbele ya wazee wenzake, akimsifu mjukuu wake mwenyewe! Akaweka kikombe chini. Akachukua fimbo. "Kahiga, mrudishe mwalimu wako nyumbani."

Kefa akamng'ang'ania Kahiga koti asiinuke. Mwalimu mzima!

Hapo Watiri, ambaye kwa desturi hatoki jikoni mpaka aitwe, akatokea na mwiko mkononi. "Kefa! Kwani umekuja kusahihisha ama kuoa?"

"Kuoa!" Akapiga kelele hadi kuku wakatawanyika. "Nimekuja kukuoa wewe, Watiri!"