Salamu za Mjomba kule Bomani

Mama yangu uliyelala kaburini Mvumi,

Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha uliyoicheka ukisema ni ya watu wenye haraka. Unakumbuka ulivyokuwa ukinirudisha mlangoni nikija na shida yangu mdomoni? "Toka, uingie tena. Uliza kwanza ng'ombe wameamkaje." Nilinuna, lakini nilitoka.

Sasa mimi ni mwalimu wa darasa la mwisho, vijana wenye ndevu, na Wadachi wanaotutawala wameniagiza niwafundishe kusema mbele za watu. Simama wima, paza sauti, anza na shauri lenyewe. Salamu si shauri. Wameiva, Mama. Hodari wao ni Ndahani, Mgogo mwenzetu, na juzi Bwana Shauri, yule Mdachi anayeamua kesi, alimwita bomani amjaribu ukalimani.

Kesi ilikuwa ya Mjomba, kaka yako. Jirani yake anakana kwamba ng'ombe alio nao aliwekewa na Mjomba, kama tunavyowekeana siku zote ili ukame usitumalize. Mjomba akaanza kwa Kigogo na habari za mifugo: yule mtamba mwekundu aliyempeleka kwa jirani mwaka wa njaa, sasa amezaa, na shemeji aliyemswaga hajambo, amekaa pale nje. Ushahidi wote ulikuwa humo ndani ya salamu. Ndahani akasubiri amalize, akasimama wima, akafasiri: "Anasalimu. Anataka ng'ombe wake."

Bwana Shauri hakuuliza zaidi. Ng'ombe wakabaki kwa jirani, Ndahani akapata kazi. Mimi nilikuwa nyuma, mahali ambapo mtu haulizwi neno.

Jioni mama yake Ndahani alikuja kwangu na kibuyu cha maziwa, anapiga vigelegele. Nikapokea, nikashukuru, huku nimechanganyikiwa. Kijana alifanya sawasawa nilivyomfundisha, nami nilimfundisha sawasawa nilivyoagizwa, na Mjomba alisema vizuri kabisa. Namtafuta mwenye kosa simpati, na ng'ombe hawapo. Kesho darasa linaningoja, na sijui niwaambie waanzie wapi.

Leo asubuhi nilikutana na Mjomba njiani.

"Shikamoo, Mjomba."

Nikangoja aniulize mbuzi, watoto, mvua.

"Marahaba," akasema, akapita.

Kwaheri, Mama. Nimekuletea wewe hili kwa kuwa hapa sina wa kumwambia.

Mwanao, mwalimu