Zipu ya Papa Alphonse

Alhamisi, Julai. Baridi ya leo ni ile kavu ya kupasua midomo, na jua lilikuwepo kwa sura tu. Mimi nimerudi nyumbani nikitabasamu peke yangu kama mwehu.

Kidonda cha Papa Alphonse kimefunga!

Naandika tena ili niamini. Kimefunga. Miaka minne kimekaa juu ya kifundo cha mguu wake wa kushoto, kikitoa maji na kunuka. Leo nimefunua, nikakuta ngozi mpya, nyembamba, kavu.

Papa Alphonse (kwao “papa” ni baba) ni fundi cherehani kutoka Bukavu, ana duka dogo mtaa wa Kensington, jijini humu. Alikuwa akiongoza kwaya kanisani kwao, akaacha kwa sababu ya ile harufu. Mwaka mzima amesali akiwa amesimama mlangoni ili asimkere mtu. Aliniambia hivyo siku ya kwanza, macho chini. Mimi ndiye nesi wa vidonda anayejua Kiswahili pale kliniki (mama yangu ni wa Morogoro, baba, mwenyeji wa huku kusini mwa Afrika, alimpata huko enzi za ukimbizi wake), kwa hiyo wagonjwa kama yeye huletwa kwangu na huniambia yote.

Kumbe si yote.

Miezi mitano iliyopita tulimpima kwanza kama damu inafika vizuri miguuni, kisha nikampa vazi la kubana mguu, lile la vikanda vipana vinavyonata. Unaanza chini kwenye kifundo, unapanda, unavuta kila kikanda mpaka kibane sawasawa. Uvimbe ukipungua, unavuta zaidi. Wiki mbili za kwanza mguu ulinywea, nikafurahi. Kisha ukakwama hapo hapo, na kidonda kikazidi kutoa maji.

Kila akija kliniki, mguu una bandeji tu. Vazi liko wapi? Amelifua, limeanikwa. Wiki inayofuata, limeanikwa. Nilichukia. Nikaandika kwenye faili lake: hafuati maelekezo. Mavazi yenyewe ni machache, na sista mkuu akaniambia wazi kwamba asipobadilika hadi mwisho wa mwezi, anaondolewa kwenye orodha, vazi apewe mwingine.

Nilikubali. Naona aibu kuandika hili, lakini nilikubali upesi.

Jumamosi yake nikampelekea sketi yangu ya kazi aipunguze kiuno. Niliingia bila hodi. Alikuwa kwenye cherehani, suruali ameipandisha, na vazi liko mguuni. Amelivaa! Ila vikanda vyote alikuwa amevishonea chini vikalala, na ubavuni ametia zipu. Mshono safi kabisa, wa kipimo cha mguu ulipokuwa bado umevimba. Sasa lilikuwa linamcheza kama buti la mvua.

"Sista, ile kintu ilikuwa inaninginia sawa kazi yenye haiyaisha," akasema kwa Kiswahili cha kwao, akimaanisha vile vikanda vilining'inia kama kazi isiyokwisha. "Mimi ni fundi. Batu banaangalia."

Nilitaka kufoka. Nikacheka mpaka nikakaa chini. Nilipopata pumzi nikamuuliza, "Papa, mteja wako akikonda, gauni lake unalifanyaje?"

"Ninalipunguza."

Akautazama mguu wake. Kisha akachukua wembe akafumua mishono yote palepale, na sketi yangu ikasubiri.

Jumatatu nikaenda kwa sista mkuu kumwombea muda, nikakiri kwamba kosa ni langu pia. Tangu siku ile Papa Alphonse alijipima kila asubuhi kwa futi yake ya kazini, kifundo na shavu la mguu, akaandika kwa chaki ukutani, akavuta vikanda kwa kufuata alichoandika. Anavibana vizuri kuliko manesi wawili ninaowajua, na mmoja wao ni mimi.

Leo sista mkuu mwenyewe alikuja kuangalia. "Eish!" akasema, na kwake hiyo ni hotuba ndefu.

Nikamwambia Papa Alphonse kwamba bado ataendelea kuubana mguu, la sivyo kidonda kitarudi. Sijui kama alinisikia. Alikuwa ameshasimama, anaimba. Saa nne asubuhi, katikati ya chumba cha kufungia vidonda, sauti nzito inatoka tumboni. Kwenye foleni huko nje akina mama wa Kizulu, wasiojua hata neno moja la wimbo ule, wakamwitikia kwa sauti ya pili. Nililia mbele ya watu wote na wala sijali. Jumapili hii anaongoza kwaya.

Kabla ya kutoka kazini nilifungua faili lake, nikayakata kwa mstari yale maneno, hafuati maelekezo. Wiki zote zile sikumwambia hata mara moja: lete hilo vazi hapa, nilione.

Halafu nikaanza kupekua mafaili mengine. Yenye maneno yale yale, kwa mwandiko wangu, ni manne.

Kesho naanza na la kwanza.