Wamekwisha Kuniaga, na Bado Niko Kolwezi

Jumapili. Kiangazi kimekolea: asubuhi baridi, mchana vumbi. Mi sina hamu ya kitu.

Leo kanisani nimekaa benchi la wageni. Mimi, niliyeimba kwenye kwaya hii tangu utoto! Nafasi yangu amepewa binti mmoja aliyehamia kutoka Mutshatsha. Anaimba vizuri, hata kumchukia siwezi. Kiongozi wetu akanishika mkono, anacheka: "Docteur, weye ulishaenda. Tunazoea mapema."

Docteur! Wa nini?

Niliomba nafasi ya doctorat kwenye chuo kikuu cha ufundi huko Ulaya, miaka ya utafiti ndani ya maabara yao, kutafuta namna ya kutoa kobalti iliyobaki kwenye vilima vya taka za migodi, kama vile vya Musonoi. Profesa akajibu, akataka tuongee kwa video. Kuongea tu, jamani. Lakini Mama hakungoja. Jumapili iliyofuata alisimama mbele ya kanisa akatoa ushuhuda kwamba mtoto wake amepata. Vigelegele, maombi ya safari, kila kitu. Na kwetu ushuhuda ukishatolewa, nani ataurudisha?

Tukaongea, na Alhamisi hii jibu likaja. Wamemchukua mwingine. Wameandika kwa adabu sana, nikakosa hata wa kumkasirikia.

Tangu siku hiyo ninaimeza habari hii peke yangu. Jana wenzangu tuliosoma nao metalurjia walikutana kula kuku, mi nikaziona picha kwenye simu. Nikauliza. "Ah, tulizani ulishapanda ndege!"

Nipo, lakini hakuna anayenihesabu.

Inauma. Ningekuwa kweli niko ugenini, upweke huu ungekuwa na maana. Lakini kuwa mpweke kwenye mtaa uliokuzaa, hapana, imenishinda.

Basi mchana huu nikamfuata Mama jikoni. Anasonga bukari, mgongo kwangu. Tangu Tata, baba yangu, afariki tuko wawili tu nyumbani.

"Mama, balinikatala kule Ulaya."

Mwiko ukasimama. Nilingoja aanze kulia, au aseme juu ya aibu ya kanisani. Hakufanya hata moja.

"Nilijua ilikuwa bado," akasema. "Nilisema mbele ya batu mbio-mbio juu nilijiogopa, mwanangu. Kama ningengoya, ningekukatalia kwenda. Niliona, batu bakishasikia, sitaweza tena kukukataza."

Kisha akageuka. Alikuwa amefurahi, Mungu wangu, amefurahi kabisa kwamba siendi, na alikuwa anaona haya kunitazama.

Tumekula. Ameniwekea nyama yote.

Kesho nitaanza kutafuta nafasi nyingine, hilo nimeshaamua, na kanisani nitasema mwenyewe kwamba bado nipo. Ila nikiipata kweli, nitawezaje kumwacha?