Kengele ya San Genesio kwenye Santuri ya Baba

Jumamosi, 7 Januari 1984

Makala imetoka! Parma yote inanukuu. Nimemwita mwimbaji Fulvio Tedaldi mwoga, mchana kweupe. Wimbo wa mfungwa, tendo la tatu la opera — kaushusha nusu sauti chini ya ulivyoandikwa, kauburuta kama jeneza. Wimbo wa hasira! Asikilize santuri aliyoimba marehemu baba, 1951: ufunguo wa sauti ulioandikwa na mtunzi, mwendo wa farasi.

Amilcare, mkubwa wetu sisi wazomeaji wa roshani ya juu ya ukumbi wa opera, kapiga simu anacheka. "Mwalimu, umemchinja, Alhamisi sisi tunazika." Wakubwa wa opera ya Milano watakuwepo. Tukimzomea, mkataba wanaotaka kumpa kijana umekwenda na maji. Na uende! Asiyeweza akauze jibini.

Jumapili, 8 Januari

Ajabu. Nimetoka misa San Genesio na kiboksi cha keki, kengele inalia. Nyumbani Mama anakoroga mchuzi, nikaweka santuri. Mwishoni, nyuma ya makofi, kengele ileile inasikika — walirekodi katika ukumbi wa parokia, madirisha wazi. Nimeisikia tangu utoto.

Leo ya santuri iko juu kuliko ya mnarani! Nusu sauti kamili. Nimefungua dirisha, nikasubiri ilie tena. Ya santuri bado iko juu.

Basi santuri inakimbia, ikipandisha kila sauti? Na baba pamoja nayo?

Mama anasema kengele ilibadilishwa baada ya mafuriko. Mafuriko yapi, Mama?

"Wewe nawe! Kula, mchuzi unapoa."

Jumatatu, 9 Januari

Padre anasema haikubadilishwa. Halafu anasema labda. Labda! Mtu wa Mungu!

Nimeazima mashine ya santuri yenye kitufe cha mwendo. Nimepunguza, nimepunguza, mpaka kengele ya santuri ikalingana na ya mnarani. Kisha nikarudisha sindano mwanzo.

Huyu ni nani? Hana hasira hata kidogo. Anaaga. Pumzi nzito, neno baada ya neno, kama mtu anayekunja nguo za marehemu. Nusu sauti chini. Kama Tedaldi!

Mama kasimama mlangoni na mwiko. "Huyo ndiye baba yako, Oreste wangu."

Akageuka: "Au siku ile alikuwa na mafua."

Mama!

Jumatano, 11 Januari

Kengele ikiwa mpya, santuri haidanganyi, niko sahihi. Ikiwa ya zamani, baba aliimba kama Tedaldi, nami nimemtukana gazetini. Sijui. Nimezoea kujua.

Nimempigia Amilcare: tungoje kidogo. Kucheka! "Tungoje nini? Moto umeuwasha mwenyewe, sasa moshi unakuwasha macho?" Nimemwambia habari ya kengele. Anasema kengele hainunui tiketi.

Alhamisi, 12 Januari

Mapumziko, roshani ya juu. Joto, makoti, harufu ya soseji. Tedaldi kaimba matendo mawili vizuri — nani kamsikiliza? Wote wananitazama mimi. Desturi ni desturi: aliyetoa shutuma ndiye anayeanza kuzomea. Filimbi ya bati ninayo mkononi. Nimeamua: sipulizi. Aimbe polepole, aimbe chini, nisikie kama ni baba.

Taa zinazimwa. Naandika bila kuona mistari.

Fidla — hapana. Mbio! Na juu, ufunguo ulioandikwa! Kabadilisha. Kasoma makala, kijana wa watu! Anaimba kwa mwendo wa santuri yangu, na mishipa ya shingo imeshamtoka, sauti ya juu kabisa bado iko mbele —

Amilcare kanipiga kiwiko. "Mwalimu, sasa tunamzomea nani?"