Kamba Iliyotafunwa na Mbuzi

Kavata, rafiki yangu,

Nimeketi kwenye jiwe lile bapa kando ya mto, lile ulilokuwa ukisema Mungu alilipima kwa makalio yangu. Mbithe, mke wa mwanangu, yuko hapa chini na daftari magotini, ananiandikia. Nimemwapisha asirembe neno. Mimi unanijua, shule niliiona nikipita na kuni mgongoni.

Nimekuletea habari. Si zote nzuri, na ile mbaya niliifanya mimi, kwa hivyo naanza nayo.

Unaikumbuka kamba yako ya katani? Ile uliyoisokota ukiwa kitandani, kikohozi kikikukata kila baada ya fundo? Uliniita ukaniwekea mkononi. "Hii ndiyo kazi yenyewe," uliniambia. "Mawe ni mawe tu." Kila fundo lilikuwa mtu wa kuambiwa habari za ukuta wetu wa kuzuia maji. Fundo kubwa, huyo aendewe kwa miguu. Fundo dogo, huyo atumiwe salamu. Lenye uzi mwekundu, aambiwe kabla jembe la kwanza halijagusa mchanga. Lisilo na uzi, anaweza kungoja. Mzee Muli mwenye shamba la ukingoni alikuwa fundo kubwa lenye uzi, maana ukuta ungelalia ardhi yake. Chifu msaidizi vilevile. Mchungaji fundo dogo, "huyo atatangaza Jumapili hata usipomwomba." Fundi wa maji kutoka Kitui ulimfunga mafundo manne yakifuatana, kwa sababu ukimwambia mara moja anasahau.

Nilikusikiza kwa sikio moja. Niseme ukweli wote leo, nani atanipiga? Miaka yote ya mwethya, kazi zetu za pamoja, sisi wanawake tukiwa tumeinama na majembe tangu alfajiri, wewe unafika jua limepanda, miguu imejaa vumbi la maboma ya watu. Nami nilikuwa nasema, tena kwa sauti, "Huyu naye kazi yake ni kutembeza mdomo." Ulikuwa unanisikia. Ulikuwa unacheka, unachukua karai, unabeba mchanga. Hukunijibu hata siku moja, na sasa hilo linaniuma kuliko kama ungenitukana.

Tulipokuzika, wanawake walinichagua mimi. Walisema nina sauti. Kamba yako nikaitundika mlangoni, na ikakaa hapo vizuri mpaka siku moja ya soko la Kalamba, nilipokosa kamba ya kumfungia yule mbuzi mweupe. Nikachukua yako. Ndiyo. Nilifungia mbuzi mpango wako, Kavata. Niliporudi alikuwa ameshatafuna ncha moja, mafundo matatu yako tumboni, naye ananitazama kama mgeni anayengoja chai.

Nikajiambia, mafundo matatu ni kitu gani? Wakubwa wote nimewaambia. Mchungaji ametangaza. Tuchimbe.

Na tukachimba! Laiti ungeona. Handaki lilivuka mto mkavu kutoka ukingo hadi ukingo, tukashuka kwenye mchanga mpaka majembe yakalia juu ya mwamba. Fundi akatuambia ukuta lazima usimame kabla ya mvua ya Novemba. Mto ukishuka ukute handaki wazi, utabeba mbao, simiti na migongo yetu ya msimu mzima. Na simiti hiyo hatungepewa mara ya pili.

Siku ya nane tukafika na majembe, tukakuta wanawake wamekaa ndani ya handaki. Wale wa chini, kule mto unakopinda, wanaochota kwenye visima vya mchangani. Wamenyoosha miguu, madebe yao kando, kama watu waliokuja kwenye harusi mapema. Mbele yao Mama Kilonzo, anasuka kiondo, hana haraka na dunia. Akainua macho akaniambia, "Endelea kuchimba, Susu. Anzia hapa kwangu."

Hapo nikajua mafundo yale matatu yalikuwa ya nyumba za nani.

Nikafanya nini? Kile unachonijua nacho. Nikapayuka. Nikawaambia mto si wa mama yao. Nikawaambia wakapike. Mama Kilonzo akamaliza safu yake, akakaza uzi, ndipo akasema, "Habari ya ukuta wenu tumeletewa na muuza ugoro." Basi. Akaanza safu nyingine.

Neno hilo lilinikalisha chini. Kwa sababu nilikusikia wewe, wazi kabisa, na ile sauti yako ya kukwaruza: "Mtu hachukii ukuta. Anachukia kuusikia kwa mpita njia."

Walikaa siku tatu. Sisi juu ukingoni, wao chini, mawingu yanaanza kuchungulia. Wengine wetu wakasema tumwite chifu msaidizi aje na askari wake. Nikakataa. Nilijua ungesemaje: ukuta uliolindwa na askari leo, kesho mtaulinda na nini?

Siku ya nne niliamka kabla ya jogoo, nikashuka peke yangu hadi kwenye visima vyao. Nikakumbuka ulivyokuwa ukifanya ukiingia boma la watu: huanzi na maneno, unaanza na kiu. Nikamwomba Mama Kilonzo maji. Akanichotea kwa kibuyu, yana mchanga, yana joto. Nikanywa mpaka chini. Kisha nikasema, na Mbithe aandike vizuri hapa kwa sababu sitarudia: "Nimewakosea. Nyinyi mlipaswa kuambiwa wa kwanza." Halafu nikauliza kile ambacho sikuwahi kumwuliza mtu maishani mwangu. "Mmesikia nini?"

Walikuwa wamesikia kwamba ukuta utafunga mto wote. Kwamba maji yatakuwa ya ng'ombe wa tajiri fulani. Aiya! Hata mimi ningekaa kwenye handaki hilo. Ningekuja na kitanda.

Nikamtafuta fundi. Nilimtumia ujumbe mara nne, kama mafundo yako. Akaja akatoboa karai, akalijaza mchanga, akamwaga maji mbele yao wote. Mchanga ukanywa ukashiba, maji mengine yakapita juu, mengine yakavuja taratibu kwa chini. "Hivyo ndivyo mto utakavyofanya," akasema. Wanawake wakasogea kulitazama karai. Mama Kilonzo hakusogea. "Na mwaka wa kwanza," akauliza, "kabla mchanga haujajaa nyuma ya ukuta, sisi tunakunywa nini? Hili karai?"

Sisi tuliochimba siku zote zile hatukuwa tumeliwaza hilo, hata mmoja wetu. Tukakaa hapohapo mchangani mpaka tukapatana: mwaka wa kwanza watachota huku juu, nyuma ya ukuta, pamoja nasi, kwa foleni moja, aliyefika mbele yuko mbele, hata mimi na sauti yangu. Mzee Muli akatoa njia ya punda wao katikati ya shamba lake. Na kila Alhamisi wanakuja wawili kati yao, wanabeba mawe nasi, jioni wanarudi na habari za wiki nzima. Siku hizi habari inashuka mto kabla ya maji.

Yule mbuzi nilimchinja siku waliyotoka kwenye handaki. Tulimla wote. Mama Kilonzo alipojua alichotafuna, alicheka akashika mbavu. Akasema ujumbe wake hatimaye umemfikia, ila umechelewa na hauna chumvi.

Ukuta umebakiza mistari miwili tu ya mawe uishe. Leo upepo una harufu ya mvua, na mimi siogopi. Tutamaliza. Simwombi mtu, nasema tu.

Nimesokota kamba mpya. Mara hii nimeanza na watu wa chini, nyumba zile tatu, mafundo makubwa yenye uzi mwekundu. Inakaa shingoni mwangu, mbuzi akiitaka aje anitafune mimi. Na nilipofika mwisho wake nikaona bado kuna mtu hajaambiwa. Ni wewe. Fundo kubwa, wa kuendewa kwa miguu. Lakini huko uliko siendi kwa sasa, nina kazi, ndiyo maana nimetuma barua. Mbithe atakusomea kaburini Jumapili, na nimemwambia asinong'one.

Maji yakipita juu ya ukuta mara ya kwanza, nitachota kibuyu kimoja nije nikumwagie mwenyewe. Utasikia kutoka kwangu, Kavata, kabla muuza ugoro hajapita.

Pumzisha miguu. Sasa natembea mimi.