Rizz Bila Kahawa

Doha, Ijumaa

Dada yangu Khadija,

Asalaam aleikum. Mimi mzima, alhamdulillahi, ila joto la huku na la Isiolo si ndugu hata kidogo. Nyinyi mko aje? Goti la Mama limepoa? Mvua imefika ama bado mnatazama mawingu tu? Nimewakumbuka mpaka chakula hakipiti.

Kazi ghalani ni ile ile, kupanga maboksi ya matunda. Lakini usicheke, dada, juzi nimesomeshwa! Vijana wa Nairobi ninaolala nao chumba kimoja wameniambia, "Galgalo, wewe huna rizz." Nikauliza, hiyo ni dawa ama chakula? Wakacheka hadi wakakohoa. Kumbe ni ule mvuto wa mtu, ulimi wa kumfanya msichana atabasamu kabla hujamaliza salamu. Sisi tulisema kukatia, kutupa mistari. Wanasema limechomolewa katikati ya neno la Kiingereza, karisma, na kijana fulani wa Marekani mwenye gumzo lake mtandaoni ndiye aliyelisambaza.

Basi wakajitolea kunisaidia. Unamjua Kame, yule msichana wa Garbatulla anayeuza maziwa ya ngamia hapo sokoni. Tangu nije huku tunaongea kwa simu. Walinitungia mistari nikamtumia: macho yako nyota, sijui bila wewe sipumui. Wallahi niliona aibu, lakini nilituma. Jana akapiga mwenyewe.

"Galgalo, maneno matamu hata redio iko nayo," akasema. "Kuna watu wamekuja kwetu na kahawa ya posa. Baba hajaipokea, ananiuliza kama kuna mwingine. Nimwambie nini? Kwamba kuna mtu wa simu?"

Dada, muda wote huu nimeongea na binti wa watu kama mtu asiye na ukoo, na kwetu mwanamume hajiposei. Kama kahawa yetu haijafika kwa baba yake, basi mimi sijasema kitu bado. Nilidhani nitarudi kwanza, ndio tuanze. Lakini mkataba haujaisha, na baba yake hataningoja.

Tafadhali ongea na Mama leo, si kesho. Baba mdogo achukue buni na tumbaku, atafute wazee wawili, waende Garbatulla. Najua buni zitakaangwa kwa samli, watu watatafuna na kubariki, na mimi nitakuwa huku nikibeba maboksi. Inaniuma, dada. Posa yangu mwenyewe nitaisikia kwa simu.

Nisalimie shemeji, mumeo mvumilivu, na nyanya, umwambie dua zake zinanifikia. Mama usimsalimie tu, mshike mkono kwa niaba yangu.

Na wazee wakifika kwa kina Kame, wakiulizwa kijana mwenyewe yuko wapi, wasiseme yuko mbali. Waseme anarudi.

Ni mimi mdogo wako,
Galgalo