Niliyomwambia Baba Yako

Mjukuu wangu Upendo,

Marahaba. Huku Marangu tupo, ingawa goti la babu yako bado linamsumbua na upepo umetuangushia migomba.

Umeniuliza umwambie nini mwanao anayemlilia baba yake aliyefariki. Mimi nilikosea hapo. Mdogo wake baba yako, Aika, alipokufa, baba yako alikuwa na miaka mitano. Alipomlilia nilimwambia, "Nyamaza, yuko Himo kwa shangazi yako." Akanyamaza. Ikawa kila siku anasimama kwenye uzio wa mimea ya masale, anaangalia njia.

Siku shangazi yake alipokuja, baba yako alimkimbilia. "Aika umemwacha wapi?"

Shangazi akanitazama, machozi yakamtoka. Mtoto akaelewa.

"Mama, ulikuwa unajua?"

Niliinama nikaendelea kumenya ndizi.

Baba yako ni mwema, hunijulia hali kila Jumapili. Lakini tangu siku ile hajaniambia lolote linalomuuma. Hata alipolazwa, nilisikia kwa majirani.

Mwambie mwanao ukweli, na usiogope akikuona unalia. Baba yako hakuwahi kuniona nikimlilia Aika. Labda mpaka leo anadhani sikulia.

Ni mimi, bibi yako.